SITI BINTI SAAD: MAMA ALIYESHIKA JAMBO MOJA

Katika kurasa zilizopita mmeona picha na mahesabu ya kikundi chetu kwa miaka 10. Katika kurasa hizi tumeona vema tuweke maisha ya mama mmoja ambaye hakuwa mwanachama wetu, wala hakuwahi kufika Songea, lakini bila yeye huenda tusingefika mwaka wa 10. Mama huyo ni Siti binti Saad wa Unguja.

Tulipokaa kikao cha kuandaa kijitabu, baadhi yetu walisema aandikwe mama wa hapahapa. Walimtaja Nkomanile, mama shujaa wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani hapa Songea mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Ni kweli, Nkomanile ni heshima yetu, na kila tarehe 27 Februari tunapokwenda Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge tunamkumbuka pamoja na mashujaa wenzake. Lakini habari za Nkomanile watu wa Songea wanazisikia kila mwaka. Habari za Siti sisi wenyewe hatukuwa tunazijua vizuri mpaka tulipopata shida. Kwa hiyo tulikubaliana aandikwe Siti, na sababu yake mtaiona mbele.

Sisi tunaoandika haya elimu yetu ni ya darasa la saba. Tutaeleza kwa lugha ya kawaida, kama tunavyoongea kwenye mkutano. Mtuvumilie pale tutakapokosea.

KUZALIWA NA KULELEWA

Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Alipozaliwa hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa la utani. Wakati ule Unguja ilikuwa chini ya masultani wa Kiarabu na utumwa ulikuwa haujafutwa. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897, wakati huo binti huyu alikuwa mkubwa tayari. Wazazi wake walitoka katika koo za watu wa bara waliopelekwa kisiwani kwa njia ya utumwa. Kwa hiyo mtoto alianza maisha akiwa na jina linalomkumbusha kila siku kwamba yeye ni wa chini.

Kwao kazi ilikuwa ni kilimo na ufinyanzi. Wale wenzetu waliokulia vijijini wanaijua kazi ya vyungu. Udongo unachimbwa, unapondwa, unatolewa mawe, unakandwa kama unga wa maandazi. Kisha unafinyanga, unakausha kivulini, ndipo unachoma. Ukiwa na haraka ukakiweka juani kabla ya wakati wake, chungu kinapasuka. Ukikiacha katikati ukaenda kupiga soga, ukirudi udongo umeshakauka vibaya, haushikani tena. Binti Mtumwa alijifunza kazi hii kwa mama yake. Shule hakusoma, na mpaka anakufa hakujua kusoma wala kuandika.

Vyungu vikishaiva vilitakiwa vifike mjini. Alikuwa akivibeba kichwani na kuvitembeza mitaani kuviuza. Sasa, mtu anayetembeza biashara lazima aite wateja. Yeye aliita kwa kuimba. Sauti yake ilikuwa kubwa na tamu, watu waliijua kabla hawajamwona mwenyewe. Inasemekana mwenye nyumba akisikia sauti hiyo kwa mbali alijua kwamba vyungu vya Fumba vinakuja.

Huko Fumba aliolewa, akapata mtoto, na baadaye ndoa ikavunjika. Hapo ndipo alipobaki yeye na mtoto, hana elimu, hana shamba kubwa, hana ukoo wa kumshika mkono. Akina mama wengi katika kikundi chetu wanaijua hali hiyo bila kuelezwa.

KUHAMIA MJINI

Mwaka 1911 Siti alihama Fumba, akaingia mjini Unguja kukaa. Umri wake ulikuwa umefika miaka 30 na kitu. Tunaomba wasomaji mwangalie hapo. Sio msichana mdogo aliyekwenda kubahatisha. Ni mtu mzima mwenye mtoto, ambaye amejiangalia akaona ana vitu viwili mkononi, udongo na sauti. Udongo aliufanyia kazi miaka mingi na ulimpa chakula tu. Sauti alikuwa anaitumia kama kengele ya kuuzia vyungu. Akaamua kugeuza. Sauti ndiyo iwe kazi.

Hapo tumejiuliza sana wenyewe kwa wenyewe. Wengi wetu tungesema tufanye vyote viwili, asubuhi vyungu, jioni nyimbo, na katikati tuuze maandazi. Tungeona ni akili. Yeye hakufanya hivyo. Wahenga walishasema kwamba mshika mbili moja humponyoka, ila methali hiyo ni rahisi kuitamka, kuiishi ni kazi.

Mjini alikutana na bwana mmoja aliyeitwa Ali Muhsin, ambaye alikuwa mjuzi wa taarabu. Bwana huyo alipoisikia sauti yake aliona kwamba ni sauti ya kufundishwa, akamfundisha. Ili muelewe uzito wa jambo hilo, inabidi tueleze kidogo taarabu ya wakati ule ilikuwaje.

Taarabu ililetwa Unguja kutoka Misri wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Ilikuwa muziki wa jumba la mfalme. Ilipigwa na wanaume na kuimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 watu wa mjini walianzisha chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa cha wanaume. Sasa mwanamke kutoka shamba, wa ukoo wa watumwa, asiyejua kusoma, aingie katika muziki kama huo ni sawa na mmoja wetu atoke sokoni leo aseme anakwenda kurusha ndege.

Alijifunza kwa masikio. Mwalimu anaimba, yeye anarudia. Akikosea, anarudia. Maneno ya Kiarabu aliyashika kwa kusikia mpaka yakamkaa ulimini, mpaka Waarabu wenyewe wakimsikia wakakubali matamshi yake. Mtu aliyesoma ana daftari, akisahau anafungua. Asiyesoma daftari lake ni kichwa, na kichwa kikijaa mambo mengine hakuna pa kuandika. Tunadhani hii ndiyo sababu alikuwa hatawanyi mawazo yake. Hakuwa na nafasi ya kutawanya.

KUPATA JINA NA KUPATA WENZAKE

Baada ya muda aliungana na wanamuziki wa kiume waliokuwa hodari. Majina yao yanajulikana mpaka leo: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku Talsam na Maalim Shaabani. Hao ndio waliokuwa kikundi chake. Walikaa pamoja miaka mingi, wakitunga, wakifanya mazoezi na kupiga kwenye maharusi na mikusanyiko. Nyumbani kwake kule Ng'ambo, upande wa mji waliokaa watu wa kawaida, watu walikusanyika jioni kusikiliza.

Wakati huo ndipo jina la Mtumwa lilipoondoka, akaitwa Siti, maana yake bibi wa heshima. Hakulinunua jina hilo wala hakujipa mwenyewe. Watu walimpa kwa kazi waliyoiona. Akaalikwa kwenye nyumba za matajiri wa Kiarabu na Kihindi, na mwisho akaitwa kuimba mbele ya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyekaa kwenye kiti tangu mwaka 1911 hadi 1960. Yule binti aliyekuwa akipita nje ya majumba na vyungu kichwani sasa aliingia ndani kwa kuitwa.

Lakini jambo kubwa alilolifanya Siti ni lugha. Ile taarabu ya Kiarabu ya jumbani yeye aliiimba kwa Kiswahili, kila mtu akaielewa. Mchukuzi wa bandarini alielewa, mwanamke wa jikoni alielewa. Akaimba habari za mapenzi, na akaimba pia habari za dhuluma. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeitwa Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni, kisha akatorokea bara. Siti na wenzake walitunga wimbo juu ya jambo hilo, ukasikika mji mzima, na mpaka leo kesi ile inakumbukwa kwa sababu ya wimbo ule.

Sisi tumejifunza kitu hapo. Kuna watu hudhani ukishika jambo moja unakuwa mchoyo, unawasahau wengine. Siti hakuacha kuimba ili aende kuwatetea wanyonge. Aliwatetea kwa kulekule kuimba. Jambo moja likishikwa vizuri linabeba na mengine ndani yake.

SAFARI YA BOMBAY

Mwaka 1928 kampuni ya santuri iliyoitwa His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, iliwachukua Siti na wenzake kwenda Bombay huko India, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Walivuka bahari kwa meli kwenda kurekodi nyimbo za Kiswahili. Siti anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba kwenye santuri.

Safari haikuwa moja. Kati ya mwaka 1928 na 1930 walirekodi nyimbo zaidi ya 250. Hadi mwaka 1931 sahani zaidi ya 70,000 za kundi hilo zilikuwa zimeuzwa. Wakati ule gramafoni ilikuwa kitu cha wenye hela, kwa hiyo watu walikusanyika kwenye migahawa ya kahawa, sahani moja ikasikilizwa na watu wengi. Sauti iliyoanza kwa kuita wateja wa vyungu ikasikika pwani yote.

Hebu tupige hesabu, maana sisi wa vikundi tunapenda hesabu. Aliingia mjini mwaka 1911. Alikwenda Bombay mwaka 1928. Katikati ni miaka 17. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50. Miaka 17 ya kurudia nyimbo, kukesha kwenye maharusi, kulala mchana na kuanza tena. Sisi tulipofika mwaka wa tatu tulikuwa tumeshachoka!

MANENO YA WATU

Msidhani aliachwa afanye kazi yake kwa amani. Kadiri alivyopanda ndivyo maneno yalivyoongezeka. Wapinzani wake walimtungia nyimbo za kumsimanga. Walimkumbusha kwamba ametoka shamba, kwamba alikuwa maskini asiye na nguo nzuri, na kwamba si mzuri wa sura. Maneno hayo yaliimbwa hadharani, kila mtu akayasikia.

Mtu akikusimanga hivyo una njia nyingi za kupotea. Unaweza kuacha kazi ukaenda kugombana. Unaweza kuanza kununua vitu usivyoviweza ili uonekane wa maana. Unaweza kujifungia ndani. Siti alijibu mara moja, na alijibu kwa kulekule kwenye kazi yake. Aliimba wimbo wenye maana kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo sio hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Akaendelea na nyimbo nyingine. Waliomsimanga leo hakuna anayewajua majina, ila yeye anajulikana.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka kama 70. Mwandishi wetu mkubwa Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alimwandikia kitabu cha maisha yake kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Wakati ule kumwandikia kitabu kizima mwanamke wa kawaida, tena wa Kiafrika, lilikuwa jambo geni kabisa. Bi Kidude, ambaye wengi wetu tulimwona kwenye televisheni kabla hajafariki mwaka 2013, alikuwa akieleza kwamba uimbaji alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Na Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, gazeti lake kililipa jina la Sauti ya Siti. Yaani mama asiyejua kusoma jina lake likawekwa juu ya gazeti.

TULIVYOKUTANA NA SITI SISI WENYEWE

Sasa tueleze kwa nini mama wa Unguja ameingia kwenye kijitabu cha wanawake wa Songea, mbali zaidi ya kilometa 900 hata kufika Dar es Salaam peke yake, bado hujapanda boti.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 28. Tulikuwa wauza mboga, mama lishe, wakulima wa mahindi na wajane wawili. Sanduku letu lilikuwa na kufuli tatu na wenye funguo watatu. Hisa ilikuwa shilingi 1,000. Lengo tuliloliandika ukurasa wa kwanza wa daftari lilikuwa moja tu, kununua mashine ya kusaga na kukoboa mahindi iwe mali ya kikundi. Songea mahindi hayakosekani, na kila mama analipia kusaga. Tukasema hiyo hela irudi kwetu.

Lakini tulilisahau lengo lile. Mwaka wa pili mmoja alileta wazo la kuku, tukaingia. Kuku wakafa kwa mdondo, tukaingia sabuni. Sabuni haijauzika, tukachukua vitenge vya jumla. Kila aliyekuja na wazo jipya tulimpigia makofi, na daftari likawa na kurasa za miradi saba. Kila mradi ulikuwa na hela kidogo, na hakuna uliokuwa na hela ya kutosha.

Mwaka 2018 akaja mtu na mchezo wa kwenye simu, kwamba ukiweka hela leo baada ya wiki tatu inazaa mara mbili. Hapa tuseme ukweli, maana kijitabu cha kujisifu tu hakina faida. Sisi viongozi ndio tuliokubali kwanza. Tulichukua shilingi 1,850,000 kutoka kwenye sanduku tukapeleka huko. Wiki tatu zikapita, mtu yule hapatikani, simu imezimwa. Mwezi huohuo mwenzetu mmoja alikuwa anategemea gawio lake ampeleke mtoto kidato cha tano. Hatukuwa na cha kumpa. Alitoka kwenye mkutano analia, na hakurudi tena kikundini mpaka leo tunapoandika. Mtoto alichelewa shule muhula mzima. Jambo hilo tunalibeba.

Tulibaki wanawake 16. Mtaani tuliitwa kikundi cha wala hela. Tulipopita sokoni watu walinyamaza kidogo kisha wakacheka. Siku moja tulikaa chini ya mwembe kuamua kama tuvunje sanduku tugawane kilichobaki kila mtu aende kwake. Wengi tulishakubali moyoni.

Siku hiyo binti wa mwanachama mmoja, ambaye ni mwalimu, alikuwa amekuja likizo. Alituomba kabla hatujavunja atusomee kitu. Alikuwa na kile kitabu cha Shaaban Robert. Akasoma kurasa chache, tukamwambia aendelee. Alisoma Jumamosi tatu. Kikundi hatukukivunja, tulikuwa tunasubiri kusikia mwisho wa Siti. Na ulipofika ule mwisho hakuna aliyezungumzia tena kuvunja.

Mama mmoja mfinyanzi katika sisi ndiye aliyesema jambo lililotukaa. Alisema kwamba makosa yetu hayakuwa uvivu. Tulifanya kazi sana. Ila tulikuwa tunafinyanga vyungu saba kwa udongo wa chungu kimoja.

TULIYOYABADILISHA

Tulifungua daftari ukurasa wa kwanza, tukasoma lile lengo la mashine, tukafunga miradi yote iliyobaki. Vitenge tuliuza kwa hasara. Tukaweka taratibu chache ambazo tunazishika mpaka leo:

Kwanza, kila mkutano unaanza kwa kusoma lengo, na kutaja tumefikia shilingi ngapi na zimebaki shilingi ngapi.

Pili, mwenye wazo jipya anaandikiwa kwenye daftari la pembeni. Halijadiliwi mpaka lengo la kwanza limalizike. Wazo halitupwi, linasubiri.

Tatu, simu zote zinawekwa kwenye beseni mlangoni. Simu ikilia mwenyewe hainuki, labda awe na mgonjwa na ametuarifu mapema. Mwanzoni watu walinung'unika. Lakini mkutano uliokuwa unakula masaa matatu sasa unaisha kwa saa moja na nusu.

Nne, hela ya mashine haiazimwi kwa harusi, sendofu wala sare. Mikopo ina mfuko wake na jamii ina mfuko wake.

Hiyo ya nne ndiyo iliyotuumiza. Majirani walitusema kwamba tuna roho mbaya. Mmoja wetu alinyimwa kadi ya sherehe ya ndugu kwa sababu alitoa mchango mdogo. Mwaka mmoja bei ya mahindi ilianguka, tukakaa miezi minne hisa haziongezeki, na shetani wa vitenge akarudi kunong'ona. Kila mara mmoja wetu alipoanza kuyumba, mwenzake alimuuliza kama Siti alirudi kuuza vyungu. Swali hilo limekuwa utani wetu, ila ni utani unaofanya kazi.

Mashine tuliinunua mwaka 2023, miaka minane baada ya kuandika lengo, na miaka mitano baada ya kulirudia. Mnaifahamu, wengi wenu mnasagia hapo. Haijatutajirisha. Ukame wa umeme ukija tunakaa, na mkanda ukikatika tunalia. Lakini inalipa ada za watoto wetu kila Januari, na sasa tumefungua lile daftari la pembeni tuchague jambo la pili. Tutachagua moja.

Tunajua kuna msomaji atasema Siti alikuwa na kipaji, sisi hatuna. Tunamjibu kwamba pale Unguja wenye sauti nzuri hawakuwa mmoja. Wengi waliimba jikoni na shambani, wakazeeka, wakafa na sauti zao. Kipaji alipewa na Mungu, lakini ile miaka 17 aliitoa yeye mwenyewe.

Mwenzetu aliyetoka akilia mwaka 2018, kama kijitabu hiki kitakufikia, hela yako ipo. Tuliiandika kama deni la kwanza baada ya mashine, na tumeitenga. Beseni liko mlangoni, mkeka tunautandika kila Jumamosi saa tisa. Karibu nyumbani.

Sisi wanakikundi, kwa mkono wa Mwenyekiti,
Songea.